Kuhamia Mji wa Jangwani: Nyasi, Kivuli na Maji ya Uani

Sehemu ya Pili

Mwaka 2021 Bunge la jimbo la Nevada, Marekani, lilipitisha sheria dhidi ya nyasi ambazo hakuna anayezikanyaga. Nyasi za katikati ya barabara, za mbele ya benki, za kuzunguka maegesho ya magari, za kupamba lango la mtaa: katika eneo la Las Vegas zote zimepewa muda hadi mwisho wa 2026, na baada ya hapo ni marufuku kuzimwagilia kwa maji ya Mto Colorado. Viwanja vinavyochezewa na watoto havikuguswa, wala ua wa nyumba ya familia moja. Kwa msomaji wa Bukoba, ambako kazi ya nyasi ni kuzifyeka kabla hazijafika mlangoni, habari ya bunge zima kukaa kujadili ukoka inaweza kuonekana mzaha. Kwa wakazi wa Las Vegas si mzaha hata kidogo. Mamlaka ya maji ya huko ilikadiria kuwa nyasi hizo za mapambo zinakunywa karibu sehemu moja ya kumi ya maji yote ambayo jimbo linaruhusiwa kuvuta mtoni.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi majimbo saba yalivyogawana Colorado kwa mkataba wa 1922, na jinsi sheria ya 1928 ilivyoipa Nevada fungu dogo kabisa miongoni mwa majimbo ya bonde la chini: mita za ujazo zipatazo milioni 370 kwa mwaka, huku California ikiondoka na zaidi ya mara 14 ya kiasi hicho. Wakati ule Las Vegas ilikuwa kituo cha reli chenye watu elfu chache. Leo bonde lake lina wakazi zaidi ya milioni mbili, fungu ni lilelile, na takriban asilimia 90 ya maji yao yanatoka Ziwa Mead, nyuma ya Bwawa la Hoover. Julai 2022 ziwa hilo lilishuka hadi kina ambacho hakijaonekana tangu lilipokuwa likijazwa katika miaka ya 1930.

Leo tunatoka ziwani na kuingia uani. Anayehamia Las Vegas, Phoenix au Tucson hukutana na suala la maji kwanza pale nje ya nyumba yake, kwenye kipande cha ardhi ambacho hajui akipande nini.

Maji yanayorudi na maji yasiyorudi

Mgeni wa Las Vegas akitazama chemchemi za hoteli ya Bellagio zikirusha maji juu mbele ya watalii, huhitimisha haraka kuwa ubadhirifu wa mji uko pale. Chemchemi zile hutumia maji ya visima vya zamani vilivyomwagilia uwanja wa gofu wa Dunes kabla hoteli haijajengwa, wala haziko karibu na orodha ya watumiaji wakubwa. Mtumiaji mkubwa ni mwananchi wa kawaida mwenye kinyunyizio cha nyasi.

Sababu iko kwenye mabomba ya majitaka. Maji yote yanayotumika ndani ya nyumba na hoteli za Las Vegas, yawe ya sinki, ya bafu, ya mashine ya kufulia au ya choo, husafiri hadi kwenye mitambo ya kusafishia, yakasafishwa, kisha yakaachiwa katika mkondo uitwao Las Vegas Wash unaoyarudisha Ziwa Mead. Kwa kila lita inayorudishwa, Nevada huruhusiwa kuvuta lita nyingine bila kupunguza fungu lake. Maji hayo yanazunguka. Mtu anaweza kuoga kwa nusu saa, na hasara kwa ziwa ikawa ndogo mno. Kitakachomuumiza ni bili.

Yanayomwagwa nje yana safari moja tu. Jua huyanyakua, mmea huyapumua hewani, au hupotelea ardhini pasipo kurudi kwenye mkondo. Kwa miaka mingi karibu asilimia 60 ya matumizi ya bonde hilo yalikuwa ya nje. Ndiyo maana kanuni za Las Vegas hazimsumbui sana mtu juu ya bafu lake, lakini zimeandika kwa undani siku anazoruhusiwa kumwagilia bustani, saa, aina ya majani, hata ukubwa wa bwawa la kuogelea. Tangu 2022, bwawa jipya la nyumbani katika wilaya ya Clark, ambamo mji huo umo, haliruhusiwi kuzidi futi za mraba 600, yaani mita za mraba 56 hivi.

Hesabu ya nyasi yenyewe inatosha kumnyamazisha mbishi. Uchunguzi wa miaka kadhaa uliofanywa na Mamlaka ya Maji ya Nevada Kusini na kuchapishwa 2005 uligundua kuwa futi moja ya mraba ya nyasi ilimwagiwa galoni 73 kwa mwaka, na eneo kama hilo lililopandwa mimea ya jangwani lilitumia galoni 17 tu. Tukigeuza kwa vipimo vyetu, mita moja ya mraba ya nyasi ilipokea karibu lita 3,000 kwa mwaka. Yakimwagwa mara moja yasinywee, maji hayo yangefika kimo cha mita tatu, juu ya kichwa cha mtu aliyesimama. Mvua ya Las Vegas kwa mwaka mzima ni milimita 106 hivi. Dodoma, ambayo Watanzania huitaja kwa ukame, hupata zaidi ya mara tano ya hizo.

Kulipwa kwa kung'oa

Mji ulianza kwa kubembeleza. Mwaka 1999 mamlaka ya maji, ikiongozwa na Patricia Mulroy, ilianza kuwalipa wenye nyumba wanaokubali kung'oa nyasi na kupanda mimea isiyo na kiu. Kiwango kimepanda na kushuka. Katika miaka ya karibuni kimekuwa kuanzia dola 3 kwa kila futi ya mraba. Mwenye uwanja wa futi 1,000, ambao si mkubwa kwa nyumba za kule, kwa kiwango hicho hupata dola 3,000.

Utaratibu wake una masharti yanayomkwaza mgeni mwenye haraka. Nyasi lazima ziwe hai siku mkaguzi anapokuja kupima. Aliyeziacha zikauke kwanza ili kurahisisha kazi amejipunja. Kung'oa kabla ya kuidhinishwa ni kupoteza haki. Na hairuhusiwi kumwaga kokoto tupu kisha kwenda kuchukua fedha: mimea iliyopandwa lazima iweze, ikikomaa, kufunika walau nusu ya eneo, na imwagiliwe kwa matone. Sharti hili la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, na tutalirudia tukifika kwenye joto.

Ubembelezi ulifuatwa na amri. Ukame uliouma mwanzoni mwa karne hii ulifanya nyasi za ua wa mbele zipigwe marufuku kwa nyumba mpya kuanzia 2003. Kwa nyumba zilizokwishajengwa, kila mtaa una ratiba yake: siku moja kwa wiki majira ya baridi, tatu majira ya katikati, sita majira ya joto, na Jumapili ni mapumziko kwa wote. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti vinyunyizio havifunguliwi kati ya saa 5 asubuhi na saa 1 jioni, kwa sababu muda huo sehemu kubwa ya maji huishia hewani kabla ya kugusa udongo. Wakaguzi hupita mitaani kwa magari, wakipiga picha za video za maji yanayotiririka kutoka bustanini hadi barabarani. Mwenye nyumba hukuta faini ndani ya bili, na akirudia kosa inaongezeka.

Matokeo yake ni ya kutajwa. Zaidi ya futi za mraba milioni 200 za nyasi zimeondolewa, eneo la kilomita za mraba 18 na ushee. Tangu 2002 bonde limeongeza wakazi zaidi ya 700,000, ilhali maji linayoyatumia kutoka mtoni kwa jumla yamepungua, na matumizi kwa kila mtu yameshuka kwa zaidi ya nusu.

Phoenix na maji ya saa nane usiku

Anayedhani kanuni za Las Vegas ndizo kanuni za jangwa lote ajaribu kuhamia Phoenix, Arizona, mwendo wa saa tano hivi kwa gari. Katika mitaa ya zamani ya Phoenix zipo nyumba zenye nyua zilizozungushiwa tuta dogo la udongo, na kila baada ya wiki mbili hivi wakati wa joto ua mzima hugeuka dimbwi. Mwenye nyumba haibi maji ya mtu. Anatumia haki iliyoshikamana na ardhi yake tangu siku za mashamba.

Shirika la Salt River Project liliundwa na wakulima 1903, na Bwawa la Roosevelt likakamilika 1911 ili kukusanya maji ya Mto Salt. Mashamba yaliyochangia yalipata haki ya maji ya mfereji, na yalipokatwa kuwa viwanja vya nyumba, haki ilibaki na viwanja. Mtumishi wa shirika hufungua lango la mfereji mkubwa. Kuanzia hapo majirani hupokezana wenyewe, kila mmoja akijua dakika zake. Zamu ikiangukia saa nane usiku, basi ni saa nane usiku: mtu huamka, akavaa mabuti, akazungusha vali na kusimama akilinda tuta lisibomoke. Mchaga aliyekulia kwenye zamu za mfongo, yaani mfereji wa jadi, mlimani Kilimanjaro hatahitaji kufundishwa desturi hii, wala ugomvi unaozaliwa jirani anapochelewa kufunga.

Chini ya mifereji hiyo kuna historia ndefu zaidi. Watu wanaoitwa Hohokam walichimba mamia ya kilomita za mifereji katika bonde hilohilo karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, na baadhi ya mifereji ya karne ya 19 ilifuata njia zao. Mfereji mpya zaidi ni wa Central Arizona Project, uliokamilika 1993 baada ya miaka 20 ya ujenzi. Unasukuma maji ya Colorado kwa pampu kupitia jangwani umbali wa kilomita 541 hadi kusini mwa Tucson. Mifereji mingi ya dunia hutegemea mteremko. Huu hupanda, na umeme wa kuupandisha umo ndani ya gharama ya maji.

Phoenix nayo haimwagi majitaka yake ovyo. Sehemu kubwa, ikishasafishwa, huenda kupoza kituo cha nyuklia cha Palo Verde, magharibi ya mji, ambacho hakina bahari, mto wala ziwa karibu.

Kokoto nazo zina adhabu yake

Mgeni aliyesoma habari za Las Vegas anaweza kujiambia kuwa jibu ni kung'oa kila kitu, kumwaga kokoto nyeupe na kuweka cactus moja pembeni. Wengi walifanya hivyo, wakajuta Julai ya kwanza.

Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo zenye joto la nyuzi 43 au zaidi. Wilaya ya Maricopa, ambamo mji huo umo, ilithibitisha vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Julai 2024 Las Vegas ilivunja rekodi yake kwa kufika nyuzi 48.9. Katika hali kama hiyo kokoto na saruji hunyonya jua mchana kutwa na kulirudisha usiku, ukuta ukabaki na joto hadi alfajiri na kiyoyozi kikakosa nafasi ya kupumua. Nyasi bandia, ambazo madalali wa bustani huzisifu kwa kutokunywa tone, zikipigwa na jua la adhuhuri hupita nyuzi 65. Mtoto akizikanyaga pekupeku ataungua.

Nyasi hupoza hewa kwa sababu zinavukiza maji, na hapo ndipo penye mvutano wote: kile kinachopoza uani ndicho kinachokausha ziwa. Mti unautatua mvutano huo vizuri kuliko ukoka, kwa kuwa huongeza kivuli juu ya mvuke. Mti mmoja wa jangwani uliopandwa upande wa magharibi wa nyumba hukinga ukuta na dirisha dhidi ya jua la saa tisa na saa kumi, lililo kali kuliko yote, na ukishakomaa hutumia maji machache kuliko uwanja wa nyasi wenye ukubwa wa kivuli chake. Mtende wa mapambo hupendeza kwenye postikadi, lakini kivuli chake hakimtoshi hata anayesubiri basi. Mwaka 2021 jiji la Phoenix liliunda ofisi maalumu ya kukabiliana na joto, na upandaji wa miti ya kivuli ni miongoni mwa kazi zake. Sasa linaeleweka lile sharti la Las Vegas la kufunika nusu ya uwanja kwa mimea hai: kwalo mamlaka inamlipa mtu apunguze maji bila kugeuza ua wake kuwa kikaango.

Mimea iliyopishana njiani

Msomaji wa Afrika Mashariki akiingia katika bustani za Arizona hukuta nyuso anazozifahamu. Nyasi inayotandazwa zaidi Phoenix wakati wa joto ni ukoka, uleule wa kwetu, unaouzwa kule kwa jina la Bermuda ingawa asili yake ni upande huu wa dunia. Majira ya baridi hulala na kuwa rangi ya hudhurungi. Wasiopenda kuutazama hivyo humwaga mbegu za nyasi nyingine juu yake kila Oktoba, na kuzimwagilia upya hadi masika. Kuuacha ukoka ulale ni njia rahisi kuliko zote ya kupunguza bili, na haihitaji kununua chochote.

Mti wa kivuli unaosifiwa sana ni mesquite wa Jangwa la Sonora. Huyu ni ndugu wa karibu wa mathenge, ule mti ambao wakazi wa Baringo, Turkana na Tana River wanaulaani tangu ulipoletwa kuzuia jangwa. Mwaka 2006 wananchi wa Baringo walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno ili majaji waone maganda ya mathenge yamemfanya nini. Kule Tucson, nduguye yuko kwao. Wenyeji wa asili, wakiwamo Wa-O'odham, wamesaga maganda yake matamu kuwa unga kwa vizazi vingi, na mizizi yake inajulikana kwa kina: katika mgodi wa wazi karibu na Tucson ilikutwa zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Pamoja naye hupandwa palo verde, mti wenye gome la kijani. Ukame ukizidi huangusha majani yake madogo, ukaendelea kujitengenezea chakula kwa gome.

Upande wa pili wa mapishano hayo ni mchungu. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa malisho Marekani walisambaza huko Texas nyasi ya Afrika iitwayo buffelgrass, kwa mbegu zilizotoka upande wa Turkana. Kwa wafugaji wa Kitui na Makueni nyasi hiyo ni neema, hupandwa kwa makusudi. Ilipofika milima ya Arizona ilijaza nafasi tupu kati ya mimea ya jangwa, na nafasi zile tupu ndizo zilizokuwa zikizuia moto. Cactus wakubwa aina ya saguaro, wanaochukua miongo kadhaa kabla ya kuota mkono wa kwanza, hawakuumbwa kustahimili moto. Kila mwaka watu wa kujitolea hupanda vilima vya Tucson na mitaimbo kung'oa nyasi hiyo, shina baada ya shina. Mhamiaji anayeota kupanda nyasi za kwao uani ajue kuwa mojawapo ya nyasi za kwao imo kwenye orodha ya maadui.

Tucson na somo la Zvishavane

Tucson hupata milimita 280 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu nusu yake hushuka kwa dhoruba za Julai hadi Septemba. Mvua huja kwa kishindo, hujaza barabara kwa nusu saa, kisha huishia kwenye mitaro. Kwa miaka mingi mji uliyafukuza maji hayo upesi, kesho yake ukanunua mengine kutoka mamia ya kilomita.

Aliyesaidia kubadili desturi hiyo ni mkazi wa mji, Brad Lancaster, ambaye baadaye aliandika vitabu vinavyosomwa sana juu ya uvunaji wa mvua katika nchi kavu. Mwalimu wake mmoja hakuwa profesa wa Marekani. Mwaka 1995 Lancaster alisafiri hadi Zvishavane, kusini mwa Zimbabwe, kumwona mkulima Zephaniah Phiri Maseko. Phiri alikuwa amefukuzwa kazi ya reli kwa sababu za kisiasa, akabaki na familia kubwa na shamba dogo chini ya mwamba wa matale. Mvua ilipokuwa ikiporomoka mwambani na kuchukua udongo, alijenga vizuizi vya mawe kuipunguza mwendo, akachimba mashimo ya kuinywesha ardhi, na kuanzia juu hadi chini akayafanya maji yatembee polepole hadi shamba lilipopata unyevu wa kudumu.

Lancaster alirudi Tucson, mtaa wa Dunbar/Spring, akafanya yaleyale kwa vipimo vya mjini. Alichimba mabonde madogo kati ya nyumba na barabara, akapanda miti ya jangwani ndani yake, kisha akakata ukingo wa saruji wa barabara ili maji ya mvua yaingie kwenye mabonde badala ya mtaroni. Kukata ukingo kulikuwa kosa kisheria. Baadaye jiji lilihalalisha, kisha likaenda mbele zaidi: sheria ya 2008 iliyoanza kutumika 2010 ilitaka majengo mapya ya biashara yapate nusu ya maji ya bustani kutokana na mvua. Mwenye nyumba naye anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama za tangi au mabonde ya mvua.

Hapa ndipo tofauti ya miji inapomchanganya mgeni. Arizona huruhusu, tangu 2001, nyumba kuelekeza hadi lita 1,500 kwa siku za maji ya kufulia na kuogea kwenye miti bila kuomba kibali, mradi masharti ya usafi yafuatwe. Mkazi wa Tucson anayefanya hivyo husifiwa. Wenzake wa Las Vegas hawahimizwi kufanya hivyo, kwa sababu yale maji ya kufulia yakienda kwenye mti hayarudi ziwani. Tendo ni moja na nia ni njema kote kuwili. Tofauti imo kwenye bomba linaloanzia chini ya sinki na mahali linapoishia.

Kabla ya kununua mche

Yapo mambo ya mikono ambayo wenyeji huyajua na mgeni huyalipia. La kwanza ni udongo. Sehemu nyingi za Arizona na Nevada zina tabaka gumu la chokaa, wakati mwingine sentimita chache tu chini, linalodundisha jembe na kuhitaji mtaimbo. Mche uliopandwa juu yake bila tundu la kupitishia maji hukaa kwenye beseni: hufa kwa kuoza mizizi katikati ya jangwa. Mafundi bustani huchimba shimo, hulijaza maji na kulirudia kesho yake. Yakiwa bado yamo, sehemu hiyo haifai kwa mti.

La pili ni majira. Wengi hununua miche Aprili, maua yanapopendeza, na kuizika Julai. Wakati mzuri ni Oktoba na Novemba, joto likiwa limevunjika na udongo ukiwa na uvuguvugu, ili mizizi ipate miezi kadhaa kabla ya jua la kiangazi.

La tatu ni kina cha maji. Kunyunyiza kidogo kila siku hufunza mizizi kubaki juu, na maji ya Colorado, yaliyo na chumvi nyingi, huacha chumvi hiyo pale pale mizizi ilipo. Kanuni ya Arizona ni kulowesha hadi sentimita 30 kwa maua na nyasi, 60 kwa vichaka na 90 kwa miti, kisha kungoja udongo ukauke. Namna ya kupima haihitaji mashine: chukua kipande cha nondo nyembamba, kisukume ardhini. Kitateleza kwenye udongo uliolowa na kugoma kinapofika pakavu. Na vile vitundu vya umwagiliaji wa matone vilivyowekwa shinani siku ya kupanda havina budi kusogezwa nje kila baada ya miaka michache, kwa kuwa mizizi inayonyonya hufuata upana wa matawi.

Wahamiaji wengi wanaozungumza Kiswahili huko, hasa Wakongo na Warundi waliopokelewa Phoenix na Tucson kama wakimbizi, huanzia kwenye nyumba za kupanga za ghorofa, wasiwe na ua wala mita ya maji yao wenyewe. Kwao suala la bustani huja kwa mlango wa chakula. Shirika la kuhudumia wakimbizi la IRC lina mpango wa bustani za pamoja Phoenix uitwao New Roots, na wakulima wa kutoka nchi za joto wana jambo la kuwafundisha wenyeji. Nyanya huacha kushika matunda joto linapopita nyuzi 35 na kuendelea, lakini bamia, kunde na mchicha huzidi kunawiri. Ukivikwa wavu wa kivuli na kuwekewa matandazo ya majani makavu, mchicha hulika Agosti, mwezi ambao bustani nyingi za jirani zimekuwa vijiti.

Kwa anayefikiria kununua nyumba, ua si swali la kwanza. Nje kidogo ya Scottsdale, Arizona, upo mtaa wa Rio Verde Foothills, ambako mamia ya nyumba, nyingine za thamani kubwa, zilijengwa bila bomba la jiji na zikategemea maji ya kuletwa kwa malori. Malori hayo yalichotea Scottsdale. Jiji lilitoa taarifa mapema kuwa katika ukame halitaendelea kuwauzia walio nje ya mipaka yake, na Januari 1, 2023 likafunga koki. Wakazi walianza kula kwenye sahani za karatasi, kusafisha vyoo kwa maji ya mvua na kupeleka nguo kufuliwa kwa jamaa, huku malori yakienda mbali zaidi na bei ikipanda. Vipi nyumba hizo ziliruhusiwa kujengwa katika jimbo ambalo sheria yake ya 1980 inadai uthibitisho wa maji ya miaka 100, na ni karatasi gani mnunuzi anapaswa kuomba kuonyeshwa kabla ya kuweka saini, ndiyo mada ya sehemu ya tatu.